Sindano Chini ya Kikombe

Kondoo walikuwa watatu. Perrine aliwachora mwenyewe kwenye kikombe cha kauri, chini ya shada la majani na nguzo ya Kirumi, na mbwa mwitu kawakodolea macho kwa mbali. Kikombe kilipotoka tanurini, kondoo walikuwa wawili.

"Umehesabu vibaya," alisema Faustin, mchomaji wa karakana moja ya vyombo vya kauri jijini Paris.

"Baba Faustin, shule niliikimbia, lakini mpaka tatu nafika."

Miaka sita Perrine alichora wanyama, na mzee Loriot, mchoraji mkuu wa karakana, akaweka alama yake, mundu wa buluu, chini ya kila chombo. Sifa zikawa za Loriot. Wiki moja kabla ya hapo Loriot akafa, kikombe hiki kikiwa hakijachomwa. Perrine akalowesha kitambaa kwa tapentaini, akaufuta mundu, akachora alama yake mwenyewe: sindano. Rangi ikishachomwa haifutiki.

Alikirudishia kikombe kondoo aliyepotea, wakachoma tena. Ndani ya tanuri kucha zikakwaruza. Karakana ikanuka tumbaku ya Loriot. Kikatoka na kondoo mmoja.

"Ni yeye," alinong'ona Faustin. "Mwanangu, chora mundu juu ya sindano, yaishe."

"Alipokuwa hai alikula jina langu. Kafa, bado ana njaa?"

"Usimtanie."

"Namtania, na asikie."

Akakishika kikombe kukitazama, na kauri iliyokwisha kupoa ikaanza kupata joto, shingo ya mbwa mwitu ikageuka polepole chini ya rangi ing'aayo kama kioo, pumzi yenye tumbaku ikampanda kifundo cha mkono, na meno yakazama kwenye kidole gumba cha mkono uleule wa kuchorea, naye akijua kwamba akiachia tu kitavunjika na atapona, ila hakuna chombo kingine duniani chenye jina lake.

Hakuachia.

"Kivunje, binti," Faustin alimsihi.

"Washa tanuri."

Kwa kidole kinachovuja damu alichora mnyororo wa pete tisa kwa rangi ya dhahabu, kutoka shingo ya mnyama hadi kwenye nguzo ya Kirumi. Tanuri lililia kama mbwa aliyekanyagwa, likanyamaza. Dhahabu ikatoka imefifia kama tope, kama kawaida yake. Humeta tu ikisuguliwa kwa jino la mbwa mwitu lililofungwa kwenye mpini. Perrine akalichukua.

"Mzee Loriot, unalijua hili? Ni la ndugu yako."

Akasugua. Kila pete ilipong'aa, mnyama alirudi hatua, mwisho akalala. Tumbaku ikapotea.

Mwenye karakana hakukitaka kikombe chenye kondoo mmoja. Perrine hukinywea chokoleti kila asubuhi, mbele ya wote. Leo Faustin amekikazia macho.

"Mnyororo ulikuwa na pete tisa. Hizi ni nane."

Perrine akamaliza chokoleti, akapangusa midomo.

"Mpaka nane nafika pia," akasema, akivuta kichupa cha dhahabu. "Washa tanuri, baba."