Feruzi Haioshwi kwa Ndimu

Nyumba yetu ilinukia ndimu. Wenzangu wakikumbuka utoto wao, hutaja mvua au vitabu vipya vya shule. Mimi hukumbuka ndimu.

Baba alikuwa sonara. Alifanya kazi katika chumba cha mbele, penye dirisha linalotazama barabara. Meza yake ilikuwa fupi, imejaa alama za moto. Juu yake palikuwa na nyundo tatu, koleo, na kopo la bati ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Alitengeneza pete na bangili za fedha. Kwenye pete aliweka akiki, jiwe jekundu na gumu sana.

Fedha ikitoka motoni huwa nyeusi. Hapo ndipo Baba aliponiita.

"Mkamua Ndimu! Mbona leo umelala? Wateja wanangoja!"

Nilikuja mbio. Nilikamua ndimu ndani ya bakuli, nikatia chumvi kidogo. Baba alitumbukiza pete humo. Tukingoja kidogo, pete ilitoka nyeupe, inang'aa.

"Bila wewe ningefunga duka," Baba alisema.

Nami nilimwamini kabisa! Nilitembea barabarani kwa maringo, kama kwamba duka ni langu.

Nilipokua, Baba alinifundisha kupiga fedha na kuunga pete. Miaka sita iliyopita alifariki. Nikabaki na Mama, na meza, na nyundo tatu. Nilimkumbuka kila siku. Nikikamua ndimu niliona kama yupo dirishani, anageuza pete kwenye mwanga.

Jumatatu moja asubuhi aliingia Mwalimu, yule aliyenifundisha kusoma. Alifungua leso. Ndani yake mlikuwa na hereni mbili za fedha. Kila moja ilikuwa na jiwe la feruzi, la buluu nzuri ajabu.

"Baba yako alimtengenezea marehemu mama yangu," alisema. "Binti yangu anaolewa Jumamosi. Nataka azivae. Lakini fedha imekuwa nyeusi, na hii moja imepinda kipini cha kupitia sikioni."

"Umefika, Mwalimu," nilisema. "Hesabu kazi imekwisha."

Mdomo wangu, jamani! Haungoji akili.

Mwalimu alipoondoka, nilikamua ndimu tatu. Nilitumbukiza hereni moja kwenye bakuli. Ile ya pili nikaanza kuinyoosha kipini. Mama akaniita tuhamishe kabati. Tukahamisha kabati, kisha tukafagia nyuma yake, kisha tukakuta picha ya zamani ya Baba na masharubu yake. Tukacheka, tukakaa kuiangalia. Nikasahau bakuli.

Niliporudi, fedha ilikuwa nyeupe kabisa. Lakini jiwe! Ile buluu imeondoka. Limebaki jiwe limefifia, lina weupeweupe kama chokaa. Nililifuta kwa kidole. Nikalisuuza kwa maji. Wapi!

Niliziweka hereni mbili kwenye kiganja. Moja buluu, moja kama si ya ukoo huo. Jina la Baba katika mtaa huu ni kubwa, nami nililiona linaanguka. Nani atamletea tena kazi binti aliyeharibu hereni za marehemu?

Hapo nikapata wazo baya. Nikasema moyoni, itumbukize na ya pili. Zitafanana. Utasema mawe yamezeeka.

Nilikwisha kuishika juu ya bakuli niliposikia sauti mlangoni.

"Hodi humu! Nimesikia harufu ya ndimu, nikadhani baba yako karudi."

Alikuwa Bi Shanga, jirani yetu wa mlango wa pili. Alitunga shanga na lulu miaka mingi, mpaka macho yalipochoka. Mama alikuwa nyuma yake.

"Karibu," nilisema, nikaficha mkono.

"Mkono huo unaficha nini? Umekuwa mtoto tena?" Bi Shanga alinitania. Kisha akaona bakuli, akaona jiwe. Akaacha kucheka. "Ala! Umeitia feruzi kwenye ndimu?"

Nilijikaza kisabuni. "Baba alifanya hivi siku zote! Mimi mwenyewe ndiye niliyemkamulia."

"Ulimkamulia kwa ajili ya akiki," alisema. "Akiki ni jiwe gumu, halishiki maji. Feruzi ina vitundu vidogo usivyoviona. Inakunywa kila kitu. Ndimu, mafuta, manukato, sabuni, vyote vinaingia ndani na kuharibu rangi. Lulu na marijani ni hivyo hivyo. Ukiviacha kwenye ndimu, vinalika. Unafikiri kwa nini baba yako aliniletea mimi feruzi zote?"

"Nilidhani ni kwa kuwa wewe unatunga."

"Kutunga hereni mbili? Wee binti!"

Mama alivuta kopo la bati, lile la kutoguswa. Tangu Baba afariki hatukulifungua, kwa huzuni tu. Alilifungua mbele yangu.

Ndani mlikuwa na kitambaa laini cha njano, kimekunjwa vizuri. Na ndani ya kitambaa, kijiwe kimoja kilichofifia, kina weupeweupe kama chokaa.

Nilikiweka kando ya jiwe langu. Vilifanana kama mapacha.

"Hicho alikiharibu mwaka uliozaliwa wewe," Mama alisema. "Kilikuwa cha pete ya mtu. Alikitia kwenye ndimu kama ulivyofanya."

"Akafanyaje?"

"Alimfuata mwenye pete nyumbani kwake, akamweleza. Alirudi amenyong'onyea, lakini alirudi na kazi nyingine mkononi. Tangu siku hiyo hakuthubutu kuosha feruzi mwenyewe."

Nilikishika kile kitambaa. Kilikuwa kipande cha gauni langu la utotoni. Baba alikata gauni la mwanawe akunjie kijiwe hicho, wala hakuniambia. Nililia, siwafichi. Nililia kwa ajili ya Baba, na kwa ajili ya ile hereni ya pili niliyokaribia kuiua.

"Haya, futa machozi," alisema Bi Shanga. "Maji hayo yana chumvi, usiyadondoshee jiwe. Nifuate mimi ninavyosema."

Alinifundisha pole pole. Nikalowesha kona ya kitambaa kwa maji matupu, nikaikamua mpaka ikabaki na unyevu tu. Nikaipitisha juu ya feruzi mara moja, nikaikausha papo hapo. Kisha kwa upande mkavu nikasugua fedha peke yake. Nilisugua mpaka vidole vikaniuma. Weusi ulitoka. Buluu ikabaki buluu.

"Inachukua muda," nilisema.

"Sasa ulitaka nini? Ndimu ina haraka, ndiyo maana inaharibu."

Mchana ule nilikwenda kwa Mwalimu. Nilimwekea mezani hereni zote mbili. "Mwalimu, hii nimeiharibu mimi. Sikujua kuiosha, na sikuuliza."

Alizitazama muda mrefu. Machozi yalimlengalenga, nami nikatamani ardhi inimeze.

"Mama alizivaa siku ya harusi yangu," alisema. Kisha akauliza, "Mbona hukuitia na nyingine? Nisingejua."

"Nilitaka. Nilikuwa nimeishika tayari."

Mwalimu alinitazama kama alivyonitazama darasani nilipokosea na kukubali kosa. Nikamwambia kwamba Bi Shanga ana feruzi moja aliyoihifadhi, inayokaribia rangi ile. Akiruhusu, nitaiweka.

"Weka," alisema. "Na hilo lililoharibika kaa nalo. Likufundishe, maana mimi sasa nimestaafu."

Nililegeza ukingo wa fedha kwa koleo, nikaweka jiwe jipya, nikabana tena taratibu. Sikuwasha moto, maana feruzi na moto haviivi chungu kimoja. Jumamosi bibi harusi alipita mbele ya dirisha letu. Aligeuza kichwa huku na huku makusudi, nizione hereni zake. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Siku hizi kila anayenunua kwangu pambo la feruzi, lulu au marijani, simwachi aondoke kimya. Namwambia: paka mafuta na manukato kwanza, subiri yakauke, pambo livae mwisho. Ukifika nyumbani livue kwanza. Usioge nalo, usifulie nalo. Lifute kwa kitambaa laini, lihifadhi peke yake, lisikwaruzwe na mengine. Na ukinunua kokote, uliza ni jiwe gani kabla ya kuliosha. Mwalimu amekwisha niletea wateja wanne.

Ndimu bado nakamua, kwa fedha tupu na akiki. Harufu ile siwezi kuiacha.

Wapo wateja wabishi. "Lakini sisi kwetu tunaosha kwa ndimu siku zote!" husema. Sigombani nao. Nafungua kopo la bati, nakunjua gauni langu la njano, nawaonyesha vijiwe viwili.

"Hiki cha Baba," nawaambia. "Na hiki changu."