Mkono Mezani

Chupa iliyompata Rajab haikumkusudia yeye. Mashabiki wa timu mbili walikuwa wakizichapa nje ya stesheni ya Wembley, mechi imekwisha, hasira bado mbichi, naye akapita katikati yao pua kaitumbukiza kitabuni. Wasomi na akili zao. Akaanguka, paji la uso limepasuka.

Aliyemfikia kwanza ni Elinaja, muuguzi, anatoka shifti, koti jekundu juu ya sare ya buluu. Akavua mtandio wake wa hariri, akaukandamiza kwenye jeraha.

"Kitabu changu kiko wapi?" Rajab aliuliza kwa Kiswahili cha Tanga.

"Kaka, unavuja damu, unauliza kitabu?"

"Kumbe nimeangukia nyumbani."

"Umeangukia lami. Tulia."

Doa halikutoka. Ikabidi Rajab anunue mtandio mwingine, na katika kuupeleka ikabidi wanywe chai. Mapenzi mangapi yameanza kwa visingizio vya kijinga kuliko hicho.

Rajab alikuwa akiandika tasnifu kuhusu Nahla Zubaydan, mshairi na mwandishi wa riwaya kutoka Basra, huku akiitafsiri riwaya yake ya mwisho.

"Mashairi yake na riwaya zake tatu zinarudi palepale," alimweleza Elinaja. "Vita haviishii vitani. Mwanamume anarudi navyo nyumbani, anavua viatu, anakaa mezani, anampiga mkewe."

"Wangu hakwenda vita hata vya mgambo," Elinaja alisema.

Akamsimulia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Ambrose, aliyekuwa mumewe kule Thornton Heath, hakuwa na kawaida ya kupaza sauti. Alisema tu, "Weka mkono mezani, mama, tusisumbuane," kisha akauvunja kwa mchi wa kutwangia vitunguu saumu. Rajab akaubusu mkono ule, akalia yeye badala ya mwenyewe.

Jumamosi moja, chumbani kwa Rajab huko Harrow, yeye ametoka kwenda dukani, Elinaja akafungua daftari lililokuwa kitandani. Mwandiko wa Rajab, bila jina la mtu, bila maelezo: "Weka mkono mezani, mama, tusisumbuane. Ukilia nitaanza na vidole."

Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na hili halikuwa jani. Elinaja alikimbia, hata koti akaliacha.

Simu ililia mara kumi na moja kabla hajaipokea.

"Eli, mpenzi, ile ni tafsiri. Anayesema ni mume wa kwenye riwaya."

"Nilidhani unafanya mazoezi."

"Mungu wangu. Sikiliza, Kiarabu chake ni baridi kabisa. Nimetafuta wiki tatu, na sentensi iliyofaa ni ile tu uliyonisimulia."

"Iliyofaa."

"Eli..."

"Huo si msamiati, Rajab. Huo ni mfupa wangu. Kesho saa nane mchana njoo kwangu. Na daftari ulilete."

Alikuja na shati jeupe lililonyooshwa vizuri, kama mtu anayekwenda kuposa au kuhukumiwa. Elinaja alikuwa jikoni, khanga kiunoni, mchi mkononi.

"Weka mkono mezani."

Rajab akauweka. Mchi ukashuka kwa nguvu zote, ukaipasua sahani iliyokuwa kando ya kidole gumba, na kipande kikamchana. Damu ikatiririka mezani. Mkono haukusogea.

"Mbona hukuuondoa?"

"Nilikuogopa."

"Basi sasa unajua." Lakini Elinaja naye alikuwa ameuogopa mkono wake mwenyewe. Akautupa mchi kwenye pipa la taka.

Rajab akachukua kalamu, akaikata ile sentensi mpaka karatasi ikachanika. "Nitamtafutia yule mume maneno yake," alisema. "Hata ikichukua mwaka."

Elinaja akamfunga kidole kwa bandeji, taratibu, kama anavyowafunga wagonjwa wake.

"Na mkewe anafanya nini?"

"Anammwagia chai inayochemka. Halafu anamwambia yote, ukurasa mzima, anaondoka. Hapo nimekwama. Sijawahi kumsikia mwanamke akisema vile kwa Kiswahili."

Miaka minne Elinaja alikuwa nayo maneno hayo kooni. Alivuta kiti, akamsogezea daftari.

"Hayo ninayo," alisema. "Andika, mpenzi. Haya nakupa mwenyewe."