Paka wa Nyuma ya Mgahawa

Bata alimponyoka mpishi katikati ya soko, akapita chini ya meza za nyanya, akaingia saluni mabawa wazi. Msusi alimtupia taulo, akamdaka. Mpishi alipotokea mlangoni akihema, aproni nyeupe imejaa tope, alimkuta msusi huyo, binti mwenye gauni la manjano, amempakata bata kama mtoto mchanga.

"Huyu ni wako au ni mteja?" aliuliza msusi.

"Ni wangu. Ila kama anataka kusukwa, nitasubiri."

Tangu siku hiyo msusi akamwita mpishi Bwana Bata, naye mpishi akamwita Fundi. Mpishi alifanya kazi ng'ambo ya barabara, kwenye mgahawa wa Kichina wa mama mmoja mjane aliyesumbuliwa na magoti. Mchana alikuwa akivuka na bakuli la tambi, na msusi alikula harakaharaka kati ya kichwa na kichwa, midomo iking'aa mafuta, shangazi yake mwenye saluni akinung'unika.

Kisha paka wa mtaani wakaanza kutoweka. Hakuna aliyejua wanakwenda wapi. Mteja mmoja alisema amesikia wanaishia kwenye sufuria za Wachina, na mbwa pia wakipatikana.

"Sasa huyu mkwe wetu mtarajiwa anachinja nini mle jikoni?" aliuliza mteja huyo.

Saluni nzima ikaangua kicheko. Msusi naye akacheka, maana kucheka kulikuwa rahisi kuliko kubisha. Hakuona kuwa kuna aliyekuwa akirekodi.

Jioni mpishi alipiga simu. "Fundi, kuna sauti inazunguka kwenye simu za watu. Kicheko chako nakijua hata nikiwa usingizini."

"Ulikuwa utani, mpenzi."

"Umekula mkononi mwangu. Ungesema neno moja tu." Akakata.

Hakupokea simu tena. Kutoka dirishani msusi aliziona meza za mgahawa zikibaki tupu. Mtu aliandika ukutani kwa mkaa: PAKA. Mama mjane akipita, watoto walimwigizia mlio wa paka, naye aliinamisha kichwa kama anayetembea mvuani. Halafu wanaume wakaanza kusimama nje ya mgahawa, mikono mifukoni, bila kusema lolote. Ukimya wao ndio uliomnyima msusi usingizi.

Siku moja, mchana kweupe, wanaume hao wakausogelea mlango kwa pamoja. Msusi alipiga simu, vidole vikiteleza kwa mafuta ya nywele. Safari hii ilipokelewa.

"Toka kwa mlango wa nyuma, nakuomba."

"Huko nako wapo. Na Mama hawezi kukimbia. Simwachi."

Msusi alikiacha kichwa cha mteja nusu, akajipenyeza katikati ya mabega yao, akasimama mlangoni.

"Mimi ndiye niliyecheka kwenye ile sauti," alisema. "Nimekula humu siku zote. Ni kuku na bata, na wananunuliwa hapo sokoni, kwenu nyinyi."

Muuza kuku aliyekuwa mstari wa mbele alitazama viatu vyake. Jiwe likatoka nyuma, likapasua kioo. Mpishi alimvuta msusi ndani. Wakajifungia stoo ya mchele, mama mjane ameung'ang'ania mkono wa msusi, wakisikiliza sahani zikivunjwa, hadi polisi walipofika.

Mgahawa haukufunguliwa tena. Mama mjane alirudi kwao, kwa mwanawe. Mpishi akapata kazi mji mwingine.

"Sina kinyongo nawe, Fundi," alisema. "Ila mtaa huu umenishinda. Tuoane, twende wote."

"Nipe hadi kesho nimuage shangazi."

Kesho yake, msusi akiwa anasuka kichwa cha mwisho, mteja alimtazama kwenye kioo na kumuuliza taratibu, "Tuambie ukweli, maadamu wamekwisha funga. Mlikuwa mnakula nini mle?"

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wakisubiri jibu, na shangazi pia.

Msusi aliweka chanuo mezani, akachukua mkoba wake. Alipompigia Bwana Bata simu alikuwa tayari barabarani.

"Laazizi, fungasha," alisema. "Naja sasa hivi."