Kipimo cha Sabuni Hakipimi Kitabu

Mume wangu ni mtu mwema, lakini kuna siku natamani kumfungia nje.

Anafanya kazi katika kiwanda cha sabuni. Ni mkaguzi. Kila mche wa sabuni unapita mbele yake. Uzito uko sawa? Kingo zimenyooka? Mhuri unasomeka? Ukikosa kimoja tu, unarudi kuyeyushwa. Mtaani wanamwita Mkaguzi, naye anafurahi.

Mimi ni msusi. Nasuka watu katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Nilijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni. Darasa lilipokwisha, sikuwa na kitu cha kusoma ila mabango ya barabarani na karatasi za dawa. Ndipo mkutubi wa maktaba aliponiletea sanduku la vitabu. Nilivipanga kwenye rafu, kando ya mafuta ya nywele. Kulikuwa na hadithi ya upelelezi, mashairi, tamthilia, maisha ya mwanamke rubani, hata kitabu cha kufuga kuku.

"Wateja waazime," mkutubi aliniambia. "Anayemaliza kitabu aandike maoni yake kwenye kadi. Kadi ikae ndani ya kitabu, imsaidie mwenzake kuchagua. Lakini vitabu visipotoka, dada, sanduku nitalipeleka mtaa mwingine."

Mume wangu akadakia. "Kadi niachie mimi. Kukagua ndiyo kazi yangu."

Ningejua, ningemficha kalamu.

Alivisoma vyote mbiombio, kama mtu anayekimbia mvua. Siku moja nilikuwa namsuka jirani yangu, Mama Pacha. Akachukua kile cha kuku na kusoma kadi kwa sauti.

"'Hakuna kisa. Kuku hawana hata majina.' Jamani! Shemeji alitaka kuku waitwe nani?"

Akachukua mashairi. Kadi ilisema: "Mistari haifiki mwisho wa ukurasa. Karatasi imepotea bure." Mama Pacha alicheka mpaka nywele zikanitoka mikononi. Kisha akavirudisha vyote viwili. Hakuazima kitu.

Mimi sikucheka. Nilikuwa katikati ya ile hadithi ya upelelezi. Nasoma polepole, neno kwa neno, na kila nikipumzika namwaza muuaji. Jioni ile nikaifungua, kadi ikaniangukia mapajani: "Muuaji ni daktari wa meno. Usijisumbue."

Nilitaka kulia.

"Baba watoto, umeniharibia kitabu!"

"Nimekuokolea muda," alinijibu, huku akivua viatu.

Nilisema naye kwa upole, nikasema naye kwa ukali. Sikio la kufa halisikii dawa. Alinichosha, nikamwacha.

Mkutubi aliporudi, alikuta vitabu vyote vimejaa rafuni. Akasoma kadi moja baada ya nyingine. Hakucheka.

"Dada, hiki ni nini? Mwezi ujao nikivikuta hivihivi, nalichukua sanduku."

Hapo nilishindwa kujizuia. "Chukua na mwandishi wa kadi!" nilisema. "Miaka yote hii nimetamani kusoma. Nimepata rafu, na mtu wa nyumbani mwangu ndiye anayenifungia!"

Mume wangu alishtuka. Nadhani hakuwa amefikiria hivyo hata kidogo. Lakini bado alijitetea: "Mimi nimevipima vyote sawa. Haki ni kipimo kimoja."

"Shemeji," mkutubi akamwambia, "mtoto wako akipata homa, utampima kwa mizani ya sabuni?"

"Hapana."

"Basi kila kitabu kina kazi yake. Cha kuku kimekuja kufundisha. Jiulize, mtu akikifuata, kuku watapona? Cha upelelezi kinataka uhangaike kujua mwisho, kwa hiyo mwisho usiutaje kamwe. Maisha ya rubani ni mambo yaliyotokea kweli. Uliza kama unamwona mtu kamili humo, na makosa yake, au ni sifa tupu."

"Na kibaya nisiseme kibaya?"

"Sema! Ila toa sababu, na utaje mahali. Kisha mwambie msomaji kitamfaa nani. Wewe hukukipenda, mwingine atakipenda. Hayo ndiyo mapitio ya kitabu."

"Na mashairi?"

"Mashairi yasome kwa sauti. Usiyakimbize."

Aliyasoma jioni ileile, amesimama mlangoni, kwa sauti ya kubisha. Shairi la kwanza alilisoma kama tangazo la kiwandani. La pili akapunguza mwendo. La tatu lilimhusu mzee anayemfulia mkewe mgonjwa nguo zake. Alifika katikati, akarudi mwanzo bila kuambiwa na mtu.

Kesho yake alichana kadi zote. Kwenye kile cha kuku aliandika: "Ukurasa wa chanjo uko wazi sana. Picha za banda ni ndogo mno. Kinamfaa anayeanza." Kikaondoka siku hiyohiyo. Cha rubani kikafuata.

Mashairi alinisukumia mimi. "Andika wewe," alisema. "Mimi nitaharibu."

Sikuwahi kuandika kitu cha kusomwa na mtu nisiyemjua. Herufi zilipinda. Nilifuta, nikaandika tena, nikamkasirikia yeye, nikaikasirikia kalamu. Mwishowe niliandika hivi: "Nilidhani mashairi si ya watu kama mimi. La tatu nimelirudia mpaka nimelijua. Lisome ukiwa na mtu wako karibu."

Mkutubi alirudi nikiwa namsuka Mama Pacha. Rafuni kilibaki kitabu kimoja tu, cha mashairi. Akaisoma kadi, akauliza nani kaiandika.

"Mke wangu," alisema Mkaguzi, kabla sijafungua mdomo.

Mama Pacha akanyoosha mkono, akaichukua kadi, akaisoma. Kisha akakibeba kitabu, akasimama.

"Unakwenda wapi? Upande mmoja bado!"

"Mume wangu yuko nyumbani sasa hivi," alisema. "Akitoka, nitamsomea nani?"

Akaondoka na kichwa nusu. Nilikasirika, maana kazi nusu si kazi. Nikamwambia mkutubi alete sanduku kubwa zaidi.