Wimbo wa Mkunga na Sauti Iliyochelewa

Kitendawili! Nyumba yangu ni nyembamba kama sahani. Haina mlango wala dirisha. Ndani wamo wapiga filimbi, wapiga zeze na wapiga tarumbeta, na hakuna hata mmoja anayeomba chakula.

Umeshindwa? Ningekuambia unipe mji, lakini leo nakusamehe. Jibu ni kishikwambi, ile simu pana ambayo wengine huiita tableti. Ukiweka ndani yake programu ya kinanda, inakuwa bendi nzima.

Kishikwambi cha hadithi hii kilikuwa nyumbani kwa fundi cherehani. Yeye alikinunua ili aangalie mitindo ya nguo. Lakini binti yake aliweka programu ya kinanda ndani yake. Tangu siku hiyo, fundi alitazama mitindo kwa kuomba ruhusa.

Binti huyo walimwita Kidole, maana vidole vyake havikujua kupumzika. Akikaa mezani, vinagonga meza. Akisubiri maji yachemke, vinagonga mlango. Hata usingizini vilitembea juu ya blanketi kama kuku anayetafuta punje.

"Wewe mtoto, umekalia siafu?" mama yake, yule fundi, alimwuliza. "Tulia! Utanitoboa meza."

"Mama, wimbo unakimbia. Nikitulia, utanipita."

Kidole alipenda programu ile kuliko kitu chochote. Haikuwa redio ya kucheza nyimbo za watu. Ilitengeneza sauti papo hapo, pale alipogusa kioo. Kulikuwa na vitufe vya kuzungusha. Akizungusha kimoja, sauti inakuwa nzito kama ya ng'ombe. Akizungusha kingine, inakuwa nyembamba kama ya mbu. Akivichezea vyote kwa pamoja, inatoka sauti ambayo hakuna mnyama anayeijua.

Kwa sauti hizo, Kidole alitunga wimbo wa mkunga. Mkunga huyo alikuwa amezalisha nusu ya watoto wa mtaa, na sasa alikuwa anastaafu. Jumamosi mtaa mzima ungemuaga katika ukumbi wa shule. Kikundi cha Mjomba, kaka wa mama yake Kidole, ndicho kingepiga muziki. Mjomba alikuwa mpiga ngoma, na ndiye kiongozi. Aliusikiliza wimbo ule mara moja tu, akasema, "Huu ndio utafungua sherehe."

Baba yake Kidole, seremala, alifurahi mno. Alikwenda kumnunulia binti yake spika. Ilikuwa nyekundu, inawaka taa pembeni, na haihitaji waya. Unaiunganisha na kishikwambi kwa blututhi, basi, sauti inaruka yenyewe hewani.

"Mwanangu hatapiga kinanda kwa sauti ya panya," Baba alisema.

Matatizo yakaanza hapo, ingawa hakuna aliyejua.

Siku ya kwanza ya mazoezi na spika mpya, Mjomba alipiga ngoma, waimbaji wakaingia, na kinanda kikaingia nyuma yao. Walirudia. Kinanda kikaingia nyuma tena.

"Mpwa wangu," Mjomba alisema, "sisi tumeshafika kwako, wewe bado unatafuta viatu?"

"Nimebonyeza kwa wakati, Mjomba."

"Kwa wakati wa nchi gani?"

Waimbaji wakacheka. Kidole hakucheka. Alifuta jasho la mikono kwenye sketi, akajaribu tena, akachelewa tena.

Nyumbani hakuweza kukaa wala kusimama. Alizunguka meza ya kukatia nguo, akazunguka tena upande wa pili.

"Ni hofu," Mama alisema. "Ukiwa mbele ya watu, moyo unakwenda mbio na mikono inaganda. Njoo ufanye mazoezi na mimi."

Mama alikanyaga cherehani. Taka-taka-taka, mguu ulikwenda bila kukosea, kama ngoma. Kidole alivaa spika za masikioni, zile za waya, ili asiwasumbue wateja, akapiga kwa kufuata cherehani. Mama hakuisikia sauti ya kinanda. Lakini aliona vidole vikishuka sawasawa na mguu wake, pindo zima la shuka, bila kosa.

"Unaona?" Mama alisema. "Unaweza. Kaza moyo."

Kidole alikaza moyo. Alipofika mazoezini na spika yake nyekundu, akachelewa.

Basi akabuni ujanja wake mwenyewe. Kama sauti inachelewa, yeye atawahi. Akaanza kubonyeza kabla ya ngoma. Mwanzoni ujanja ulisaidia, maana wimbo ulikwenda polepole. Lakini wimbo wa kuaga haukai polepole. Katikati, Mjomba aliongeza kasi ili watu wainuke wacheze. Kidole hakujua tena awahi kiasi gani. Kinanda kilikwenda huku, ngoma ikaenda kule, na waimbaji wakabaki katikati midomo wazi.

Mjomba aliweka vijiti chini.

"Sikiliza, mpwa wangu. Nakupenda, lakini siwezi kumuaga mkunga kwa aibu. Nakupa mazoezi ya kesho. Yakiharibika, wimbo wako tunauacha. Tutafungua kwa wimbo wa zamani, ngoma peke yake."

Kidole alirudi nyumbani akitembea haraka kama anayefukuzwa. Alikuwa ameutunga wimbo ule kwa miezi. Hakuwa na zawadi nyingine ya kumpa mkunga.

Kesho yake asubuhi alikuwa akipiga kinanda kwa spika, akikosea, akianza upya. Baba alikuwa akipiga randa mguu wa stuli barazani. Mama alikuwa anashona.

"Hodi wenyewe! Hapa pana msiba au pana muziki?"

Alikuwa jirani yao, aliyekuja kuchukua suruali yake iliyobadilishwa zipu. Watu walimwita Mama Nyaya. Kazi yake ilikuwa kupanga spika na vipaza sauti kumbini, na daima alikuwa na waya begani, kama wengine wanavyobeba kanga.

"Karibu, jirani," Mama alisema. "Muziki ndio unaotuletea msiba. Mtoto anaogopa watu, anachelewa."

Mama Nyaya alivuta kiti karibu na Kidole. "Piga kidogo, mwanangu. Jirani, na wewe kanyaga cherehani."

Wakapiga. Mama Nyaya hakutega sikio. Alikodoa macho kwenye vidole.

"Sasa zima spika hiyo. Piga kwa sauti ya kishikwambi chenyewe."

Sauti ikatoka ndogo na kavu. Lakini ilikwenda sawasawa na cherehani. Mama aliacha kukanyaga.

"Amefanya nini?" aliuliza.

"Hajafanya kitu," Mama Nyaya alisema. "Vidole ni vilevile. Nyote mlikuwa mnamsikiliza, mimi nilimwangalia. Anabonyeza kwa wakati. Inayochelewa ni sauti."

Kidole alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka. "Nilisema! Nilimwambia Mjomba!"

"Kaa, nikutegee kitendawili."

"Tega."

"Nimetuma wajumbe wawili kwa pamoja. Mmoja amefika, mwenzake bado anafunga mzigo."

"Huyo wa mzigo ni mimi nikisafiri," Baba alisema kutoka barazani.

"Hapo hujadanganya," Mama alijibu.

Mama Nyaya alicheka, kisha akaeleza. "Sauti ikipita kwenye waya, inakwenda mikono mitupu. Inafika papo hapo. Sauti ya blututhi lazima ifungwe kwanza kama furushi. Furushi linarushwa hewani. Spika inalipokea, inalifungua, ndipo inalia. Muda wenyewe ni kama kupepesa jicho. Kwa msikilizaji si kitu. Kwa mpigaji ni shimo la kuvunjia mguu."

"Lakini tukiangalia filamu kwa spika hii, midomo na maneno vinakwenda pamoja," Kidole alisema.

"Swali zuri. Filamu imeshatengenezwa. Kishikwambi kinaichelewesha picha kidogo, iisubiri sauti. Wewe je? Hakijui utabonyeza nini mpaka ubonyeze. Sasa nani akusubiri, Mjomba wako?"

"Mjomba hamsubiri hata mama yake!"

"Mama yake ni mama yangu mimi," Mama alisema. "Chunga ulimi."

Baba alikuwa ameingia ndani. Aliichukua spika nyekundu, akaanza kufuta vumbi la mbao juu yake kwa kidole gumba.

"Kumbe nimemnunulia mwanangu aibu," alisema.

"Baba, hapana," Kidole alisema.

"Shemeji, spika haina kosa," Mama Nyaya alisema. "Kwa kusikiliza muziki ni nzuri sana. Igeuze nyuma. Unaona kifuniko hicho cha mpira?"

"Hiki? Mimi nilidhani ni mahali pa kutolea maji."

"Maji ya nini, shemeji, ni pasi? Fungua."

Chini ya kifuniko kulikuwa na tundu dogo la waya. Mama Nyaya alishusha waya begani, akachomeka upande mmoja kwenye spika na mwingine kwenye kishikwambi. Akazima blututhi.

"Kama kishikwambi chenu kisingekuwa na tundu la waya, mngetafuta kiunganishi kidogo cha kuchomeka pale pa kuchajia. Sasa twende ndani ya programu."

Alifungua mipangilio ya sauti. "Programu hutengeneza sauti kidogo kidogo na kuiweka kwenye kapu kabla ya kuitoa. Kapu kubwa linachelewa kujaa, kwa hiyo sauti inachelewa. Kapu dogo linajaa upesi."

"Basi tuweke dogo kabisa!" Kidole alisema, na kidole chake kikawahi kugusa.

Spika ikakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga.

"Haraka yako hiyo," Mama Nyaya alisema. "Kapu likiwa dogo mno, kishikwambi kinashindwa kulijaza. Ongeza kidogo. Tena. Simama hapo. Sasa funga programu nyingine zote. Mama yako ameacha wazi mitindo ya magauni, yote inakula nguvu."

"Kumbe magauni yangu yanakula?" Mama aliuliza.

"Yanakula kuliko shemeji. Na siku ya sherehe, washa ile alama ya ndege, simu isije ikaita katikati ya wimbo. Chaji ijae kabla hujatoka nyumbani."

Kidole alipiga. Sauti ikatoka kubwa na nzito, papo hapo, kana kwamba ilikuwa chini ya ukucha wake. Baba alipiga makofi.

Jioni alikwenda mazoezini na waya wake. Mjomba alipiga ngoma, na kinanda kikaingia mbele ya ngoma.

Waimbaji wakageuka. Mjomba alitikisa kichwa.

"Jana ulikuwa mkia, leo umekuwa pembe!"

Kidole alihisi masikio yakiwaka moto. Alielewa mara moja. Sauti ilikuwa imepona, lakini yeye bado alikuwa na ujanja wake wa kuwahi. Mikono ilikuwa imeuzoea.

"Mjomba, nilikuwa nawahi kwa sababu spika ilikuwa inachelewa. Sasa haichelewi. Nipe nafasi niisahau tabia hiyo."

"Nafasi ni hii hii. Watu wanataka kwenda kula."

"Basi anza. Polepole."

Safari hii hakukisia. Alitazama mkono wa Mjomba, kama alivyotazama mguu wa mama yake kwenye cherehani. Mkono uliposhuka, vidole vikashuka. Mara ya kwanza aliwahi kidogo, akauma mdomo. Kisha akakaa sawa. Mjomba aliongeza kasi bila kumwonya. Kinanda kikaenda naye. Akapunguza ghafla. Kinanda kikapungua. Akasimamisha ngoma katikati ya mstari, kwa ukorofi tu, na kinanda kikasimama papo hapo.

"Alaa!" Mjomba alisema. "Huyu sasa ananifuata mpaka chooni!"

Wote waliangua kicheko, na safari hii Kidole alicheka nao.

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa. Kidole alipanga vitu vyake mwenyewe. Waya alichomeka, akaugandisha chini kwa utepe ili watu wasijikwae. Programu nyingine alifunga. Alama ya ndege aliwasha. Kisha, kwa kuwa Mjomba alikuwa bado anakaza ngoma zake na mikono ilikuwa inawasha, akayaangalia yote tena.

Mkunga aliketi mbele, mkoba mapajani. Ngoma ilipolia, kinanda kililia nayo. Watu walianza kutikisa mabega. Mjomba alipoongeza kasi, viti vyote vikabaki vitupu. Wazee walicheza, na watoto, na wajawazito kwa mwendo wao.

Mkunga alicheza mpaka mbele ya jukwaa. Wimbo ulipokwisha, alimshika Kidole mikono yote miwili akaitazama, huku vidole bado vinarukaruka.

"Wimbo huu ni wa nani?"

"Wangu, Bibi. Nimekutungia wewe."

Mkunga akawageukia watu, akapaza sauti. "Mnamwona huyu? Siku ya kuzaliwa kwake nilimsubiri kutwa nzima. Mama yake analia, baba yake anazunguka nje kama nzi, yeye ametulia huko ndani, hana haraka. Nikamwambia, wewe, utachelewa mpaka lini?"

Ukumbi ukacheka. Mama na Baba walicheka kuliko wote.

"Leo sikumsubiri," mkunga alisema. "Haya, mwanangu, rudia. Bado sijatosheka."

Mjomba akainua vijiti, na Kidole akautazama mkono wake.