Jina Langu Ukutani

Kila siku nikitoka shule napitia maktaba kabla ya kwenda nyumbani. Mama ni mshonaji na cherehani yake iko sebuleni, kwa hiyo mchana kwetu hakuna pa kukaa wala kusikilizana. Maktaba ni kimya, ina feni, na meza ya dirishani ni yangu. Anayeikalia anajua atakachokipata. Nyumbani na shuleni wananiita Pilipili, na sababu mtaiona wenyewe.

Muhula ule alikuja msichana wa chuo cha ukutubi kufanya mafunzo ya kazi. Alivaa miwani mikubwa, tukamwita Dada Miwani, naye akacheka tu. Kazi yake ilikuwa kuingiza vitabu vyote kwenye kompyuta, ili mtu akitaka kitabu aandike neno moja tu badala ya kuzunguka kwenye rafu mpaka shingo imuume. Mkuu wa maktaba alimwachia kompyuta zote, maana yeye hata barua pepe alikuwa akisomewa.

Nilimpenda Dada Miwani. Nilimpenda kiasi kwamba siku moja nilisubiri watu wapungue mezani kwake, nikamsogelea na siri yangu. Nilikuwa msichana mkubwa wa darasa la sita, na bado nilikuwa nakojoa kitandani. Si kila siku, lakini mara za kutosha. Mama alijua, na kamba ya kuanikia nguo ilijua, basi. Tatizo ni kwamba mwisho wa muhula darasa letu lilikuwa linakwenda kambi, na wasichana wote tungelala ukumbi mmoja, magodoro yamebanana. Kambi ile nilikuwa nimeingoja tangu mwaka uliopita.

"Dada," nilimnong'oneza, "kuna kitabu cha watu wanaolala, halafu wakiamka... wameloa?"

Hakucheka. Aliandika neno kwenye kompyuta, akainuka mwenyewe, akaniletea kitabu chembamba. Alikifunga kwa gazeti kabla ya kunipa.

"Kasome taratibu, mdogo wangu. Wako wengi, usidhani ni wewe tu."

"Hutamwambia mtu?"

"Mimi? Nikamwambie nani?"

Nilitoka pale mwepesi, mzigo wote nimeutua mezani kwake.

Jumatatu iliyofuata niliingia maktaba nikakuta watu wote wametazama juu. Ukutani palikuwa na skrini kubwa yenye maua pembeni, imeandikwa: HONGERENI WASOMAJI WETU WA WIKI! Chini yake majina yalikuwa yanapita moja moja, kila jina na kitabu ambacho mwenyewe ameazima. Likapita jina langu, la kwanza mpaka la babu. Chini yake: Mbona Bado Nakojoa Kitandani?

Na kwa bahati mbaya Redio alikuwepo. Redio ni mvulana wa darasa letu, na jina hilo alilipata kwa sababu habari ikimwingia lazima itangazwe.

"Khaa!" alipiga kelele. "Kumbe Pilipili huwa anaamka amelowa chepechepe!"

Ukumbi mzima ulicheka. Nilimtafuta Dada Miwani kwa macho, nikamwona anatabasamu! Alinionyesha skrini kwa kidole, kama mtu aliyenipa zawadi.

"Umeiona? Nimeitengeneza mwenyewe. Programu inachukua majina yenye..."

Alipouona uso wangu, tabasamu likamwisha. Alikimbilia kuchomoa waya wa skrini, lakini wapi! Redio alikuwa ameshatoka nje.

"Umeniuza," nilimwambia. "Ulisema utamwambia nani. Umewaambia wote."

Kesho yake shule nzima ilikuwa inaniita Kikojozi. Matusi ya Redio sikuyajali sana, Redio ndivyo alivyo. Kilichoniuma ni yule niliyemwamini. Kila nikikumbuka lile gazeti alilofungia kitabu, nalia upya. Nilimwambia Mama siendi kambi, siendi maktaba, siendi popote.

Mama alisimamisha cherehani. "Popote utaenda. Kwanza tunaanza na hospitali."

Daktari alitusikiliza bila kushangaa hata kidogo. Alinipima, akasema sina ugonjwa mbaya, na kwamba huo si uvivu wala utundu. Ninywe maji ya kutosha mchana, nipunguze jioni, niende msalani kabla ya kulala, na mtu aniamshe usiku mpaka mwili uzoee. Tulipofika nyumbani Mama akaniwekea kile kitabu mkononi.

"Mali ya watu hiyo. Irudishe."

Nilikwenda nimenuna. Njiani nilijiambia kwamba angalau ile skrini itakuwa imetolewa. Wacha wee! Ilikuwa bado inawaka. Jina langu tu ndilo lililoondolewa. Na palepale chini yake alikuwa amesimama mlinzi wa shule yetu, kofia mkononi, analitazama jina lake likipita pamoja na kitabu chake: Jifunze Kusoma Ukubwani. Baba wa watu aligeuka akatoka bila kusema neno. Damu ilinichemka.

Siku hiyo mkufunzi kutoka chuoni alikuwa amekuja kumkagua Dada Miwani. Walikuwa mezani, Dada Miwani anaeleza jinsi wasomaji wanavyoifurahia skrini. Nilikiweka kitabu changu katikati yao.

"Shikamoo, Mkufunzi."

"Marahaba, binti."

"Naomba kuuliza. Mara ya mwisho ulipougua kitu cha aibu, uliazima kitabu gani?"

"Wee!" alisema Dada Miwani. "Adabu iko wapi?"

"Mwache," mkufunzi alisema. Alinitazama, kisha akasema polepole, "Hilo sitakujibu, binti. Ni langu mwenyewe."

"Na langu lilikuwa langu," nilisema, nikaonyesha ukutani. Sikutaka kulia mbele yao. "Lakini lilipita pale."

Mkufunzi alikisoma kitabu changu jina, akaitazama skrini, akainuka na kuchomoa waya kwa mkono wake.

"Nilidhani ni pongezi," Dada Miwani alisema, machozi yanamlengalenga. "Na jina lake nililiondoa siku ileile."

"Na ya wengine?" nilimuuliza.

Mkufunzi aliketi akashusha pumzi.

"Kosa hili na mimi nimo," alisema. "Nimewafundisha kuhifadhi vitabu kwenye kompyuta. Kumhifadhi msomaji, nikasema tutafika mbele ya safari. Leo alama sikupi. Utaitengeneza upya programu yako, ili kitabu kikirudi, jina la aliyekiazima lifutike. Na wenzako wote wataanza na somo hili kabla ya kugusa mashine."

Kisha akanigeukia. "Kompyuta haijui siri ni kitu gani, binti. Anayepaswa kujua ni mtu anayeiendesha. Ukikabidhiwa jambo la mtu, lilinde. Hata ukiwa na nia njema, usilitoe bila ruhusa yake."

"Nisamehe, mdogo wangu," Dada Miwani alisema.

"Sijui," nilijibu. Na kweli nilikuwa sijui.

Kambi nilikwenda. Mwalimu wetu wa kike alikuwa akiniamsha usiku. Siku moja nililowa, nyingine sikulowa, na jua lilichomoza vilevile. Redio alipoanza matangazo yake nilimkabili mbele ya wote. "Ndiyo, nakojoa. Daktari anajua, Mama anajua, na wewe unajua. Kuna lingine?" Wenzetu wakamcheka yeye.

Muhula mpya nilirudi maktaba. Dada Miwani alikuwa bado yupo, akiimalizia programu yake mpya. Niliazima kitabu kwa Dada Miwani bila kumsalimu vizuri. Redio alikuwa nyuma yangu, shingo ameirefusha.

"Dada, Pilipili kaazima nini?"

Dada Miwani hakuinua hata macho. "Kitabu."

"Kitabu gani?"

"Cha maktaba. Anayefuata!"

Nilikwenda kwenye meza yangu ya dirishani nikakifungua. Kilikuwa kitabu cha vichekesho tu, hakina siri yoyote. Hata hivyo alikuwa amekifunga kwa gazeti. Nilipokuwa natoka jioni akaniaga, nami nikamwitikia.