Jina la Diski ya Pili

Gozbert hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Machi 1998, alipoitwa kwenye kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, yenye ofisi yake Mtoni, alikwenda akipiga mluzi. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: sanduku lililohifadhi mafaili ya kompyuta zote tano za ofisi lilikuwa limejaa. Walitaka aliwekee programu mpya na kuliongezea diski.

Bi Zubeda, karani mkuu, alimpokea vizuri mno. Alimpa chai, akamvutia kiti, kisha akasimama nyuma yake na asiondoke tena.

Diski ya zamani ilikuwa na jina, KONDO, nayo ilikuwa imejaa asilimia tisini na tisa. Gozbert akaingiza programu mpya kwa flopi. Sanduku likazima, likawaka, likaomba jina la diski ya pili.

"Mwanao wa kwanza anaitwa nani, fundi?" Bi Zubeda aliuliza.

"Lulu. Yuko darasa la kwanza."

"Basi andika hilo. Kondo ni wangu mie. Ndio desturi ya hapa."

Nani angekataa? Mjini hapa watu huyapa maduka, magari na hata mashine za kusaga majina ya vifungua mimba wao. Gozbert aliandika kwa majivuno kabisa, masikini.

Mafaili yakaanza kugawanyika. KONDO ikashuka hadi hamsini. LULU ikapanda hadi arobaini na tisa. Bi Zubeda akanyanyua simu ya mezani, akapiga nyumbani kwake.

"Amekaa mwenyewe?" alinong'ona. "Amekula?"

Akalia hadi kamasi zikamtoka. Gozbert alidhani ni mambo yao ya kifamilia, akafungasha vifaa vyake.

Nyumbani alimkuta Lulu kizingitini, kiatu mkononi. Hakukumbuka kinavaliwaje. Kulipokucha hakuweza kusema hata neno moja. Apolonia, mkewe Gozbert, alimwita, akamfinya, akamwombea. Mtoto alimtazama tu, udenda ukimtiririka.

"Amekula?" Gozbert aliuliza, na papo hapo akakumbuka ni nani aliyeuliza vile jana.

Saa nne alikuwa Mtoni. Makarani walikuwa wakichapa. Diski zote mbili zilisoma hamsini kamili.

"Bi Zubeda. Mwanangu ana nini?"

Yule mama hakujifanya hajui. Alimvuta hadi kwenye chumba cha sanduku.

"Kila faili linaloingia humu linamla mtoto mwenye jina la diski," alinong'ona. "Kondo wangu miaka mitatu hajitambui. Diski ikifika mia, anakufa. Nikaona bora wagawane."

"Ulijua?"

"Nilijua, baba. Nisamehe. Ila usiichomoe. Aliyelifunga sanduku hili alisema ukichomoa moja, wanakufa wote."

Gozbert hakuichomoa. Programu mpya iliweza kuhamisha kila kitu kutoka diski moja hadi nyingine. Hamsini na hamsini. Hesabu hiyo hata Lulu angeiweza.

Alimsukuma Bi Zubeda nje, akafunga mlango kwa ufunguo, akabonyeza.

LULU arobaini. KONDO sitini.

"Gozbert, baba! Ni mtoto! Ana miaka kumi na sita tu!"

LULU ishirini. KONDO themanini.

Kucha zilikwaruza mlango. Yeye alitazama namba. Moyoni alitamani ziende kasi zaidi.

LULU sifuri.

Simu ya mezani ikalia. Karani mmoja akaipokea, akasikiliza, akamwita Bi Zubeda kwa sauti ya chini. Kucha zikanyamaza. Gozbert alipofungua mlango, yule mama alikuwa sakafuni, kanga imemtoka kichwani. Akamruka, akaenda zake.

Apolonia alimlaki uani kwa vigelegele. Lulu alikuwa amesimama! Amevaa viatu vyote viwili, tena amekula wali sahani nzima. Gozbert alipiga magoti, akamkumbatia, akalia kwa furaha. Kwa Kondo hakuwa na huruma hata chembe.

Mtoto alijitoa mikononi mwake taratibu. Akarudi nyuma hatua mbili. Akamtazama Apolonia, akamtazama na yeye.

"Shikamooni," alisema kwa adabu, kama anavyosalimia mgeni. "Mama yangu, Bi Zubeda, anakuja saa ngapi kunichukua?"

Sauti ilikuwa nzito, ya mvulana wa miaka kumi na sita. Lulu sasa ni mtu mzima, na hadi leo hajawahi kumwita Apolonia mama.